Fidla ya Msumari wa Tatu

"Ondoa gumba, Lalla."

"Nikiliondoa itaanguka."

"Haitaanguka."

"Wewe unasema tu. Ikivunjika, nitaficha wapi uso wangu?"

Lubaba alitabasamu, akapiga magoti mbele ya mwanafunzi wake. Lalla Khaduja, yaani Bibi Khaduja, mama wa miaka hamsini na kitu, alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekuja kutoa ushahidi. Jalaba lake la kijivu alikuwa amelikusanya vizuri magotini, na fidla ilisimama wima juu ya paja lake la kushoto, nyuzi zikitazama mbele, kama watu wa mji wa Tetuani wanavyoishika siku zote. Hapo hapakuwa na kosa. Kosa lilikuwa juu, kwenye mkono wa kushoto, ulioikaba shingo ya fidla mpaka vidole vikawa vyeupe.

"Anaikaba kama kuku wa sikukuu," alisema Rahimo, mshonaji wa kaftani, bila kuinua macho kutoka kwenye fidla yake mwenyewe.

"Na wewe unaipapasa kama unayemtafuta paka chini ya kitanda," Lalla Khaduja alimjibu. "Shughulika na yako."

Rahimo alicheka kwa raha. Kabla mama huyu hajaja, darasa la Alhamisi lilikuwa na watu wapole mno, na Rahimo alikuwa hajapata mtu wa kumjibu.

Darasa lenyewe lilikuwa chumba kimoja cha ghorofani, juu ya mtaa wa mafundi cherehani. Saa za alasiri harufu ya pasi za moto ilipanda ngazi na kuingia bila kubisha. Kulikuwa na viti tisa, jiko dogo la gesi la kuchemshia chai, na ukutani misumari mitano ya kutundikia fidla za wanaoanza. Msumari wa tatu sasa ulikuwa mtupu, na Lubaba alijitahidi kutoutazama.

Lubaba hakuwa mtu wa kukataa. Muuza nanaa akimpa kifungu kilichonyauka, alisema asante na kwenda zake. Dereva wa teksi akimshusha mtaa usio wake, alitembea. Ndiyo maana wiki tatu zilizopita, Lalla Khaduja alipokuja kujiandikisha, akazitazama fidla zote tano na kunyoosha mkono kwenye ile ya katikati, Lubaba hakuweza kusema zaidi ya, "Hiyo ina mwenyewe, Lalla."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Haji siku hizi."

"Basi haihitaji. Nitaitunza."

Akaishusha. Lubaba alisimama pale, mikono nyuma. Fidla ile ilikuwa haijaguswa kwa zaidi ya miezi mitatu. Mfaddal ndiye aliyeitundika pale kwa mkono wake, akasema, "Usiishushe. Nitakuja kuishusha mwenyewe."

Mfaddal alikuwa fundi wa vigae. Siku nzima alikaa na nyundo yake akichonga nyota na pembe ndogo ndogo za rangi, na jioni alikuja darasani na vumbi la udongo nyuma ya masikio. Alianza fidla akiwa na miaka thelathini na moja, na mkono wake ulikuwa mgumu kama mlango uliovimba kwa mvua. Mwaka mmoja na nusu Lubaba alimwambia, "Gumba, Sidi Mfaddal," na mwaka mmoja na nusu Mfaddal alijibu, "Limekwisha ondoka, mwalimu," huku limeng'ang'ania palepale. Kisha siku moja alisema, "Gumba hili lina akili. Linajua nikilegeza utaacha kuja kunishika mkono." Lubaba aliona haya kiasi kwamba alikwenda kuchemsha chai ambayo ilikuwa imekwisha chemka.

Mwanzoni mwa majira ya baridi, kwao Mfaddal walimtuma mama yake mdogo, Lalla Ftuma, kumtazama binti kabla ya posa, kama ilivyo ada. Lalla Ftuma alikuja na sinia la biskuti za lozi, akala nyingi kuliko wenyeji, akausifu mkono wa kulia wa Lubaba uliokuwa laini na wenye hina. Halafu akaomba na wa kushoto. Akaupapasa kidole kimoja kimoja. Kucha fupi hadi kwenye nyama, na ncha za vidole zina sugu. Alikwenda kusema nyumbani: binti yule ana mikono ya watu wawili, mmoja wa bibi harusi na mwingine wa fundi viatu, mwenye sugu kama zile ama amesugua sakafu za watu, ama ana moyo mkavu. Na mama yake Mfaddal akasema hapana.

Mfaddal alilileta jibu mwenyewe, chini ya ngazi, kofia mkononi.

"Mama amekataa. Sitakudanganya kwamba nitamuasi."

"Sikuombi umuasi," Lubaba alisema.

"Nikija hapa kila Alhamisi nikuone, nitakuwa namdanganya yeye. Na nisipokuja..." Hakuimaliza. Alipanda, akaitundika fidla kwenye msumari wa tatu, akashuka. Alipompita kwenye ngazi ile nyembamba, hakumgusa. Lubaba angali anakumbuka upana wa nafasi aliyomwachia. Ulikuwa upana wa kiganja.

Sasa, miezi minne baadaye, amepiga magoti mbele ya mama mgeni na fidla ya Mfaddal.

Kulikuwa na jambo moja tu duniani ambalo Lubaba hakujua kulinyamazia, nalo ni mkono uliokaa vibaya. Aliushika mkono wa Lalla Khaduja kwa adabu, akaubandua kutoka kwenye shingo ya fidla, kidole kwa kidole.

"Pumzisha kwanza. Tikisa kidogo, kama una maji mkononi. Hivyo. Sasa rudisha taratibu, bila kutazama. Nataka kuona unapenda kukaa wapi wenyewe."

Mkono ulipokuwa umeondoka, Lubaba aliona shingo ya fidla. Nyuma yake, chini kidogo ya mahali panapostahili, rangi ya mbao ilikuwa imelika, kidoa cheupe kama dengu. Alikijua kidoa kile. Ni gumba la Mfaddal lililokichimba, kwa mwaka mmoja na nusu.

Mkono wa Lalla Khaduja ulirudi. Gumba likatambaa, likatafuta, likashuka chini ya mahali panapostahili, likakaa juu ya kidoa kile bila kubakiza hata ukingo. Ncha yake ikapinda kwa nje. Na kidole cha mwisho, ambacho hakuna aliyekiambia kitu, kikajikunja ndani ya kiganja kama konokono aliyeguswa.

Lubaba alikuwa amefundisha mikono mingi. Mikono mingi hukaba, na kila mmoja hukaba kwa namna yake. Namna hii alikuwa ameiona kwa mtu mmoja tu.

Mambo ya wiki tatu yakaanza kujipanga yenyewe: mama huyu alivyouliza siku ya kwanza nani anampigia pasi nguo zake, alivyoonja chai yake akasema, "Sukari umeipima, vizuri", alivyotaka kujua Lubaba humsaidia nani jikoni siku za Ijumaa. Jina la ukoo alilojiandikishia halikuwa la Mfaddal, lakini hilo si ajabu, kwani wanawake wa huko hubaki na jina la baba zao. Hakuja kujifunza fidla. Mama yake Mfaddal amekuja kumtazama.

"Vipi, mwalimu?" Lalla Khaduja aliuliza. "Mbona umenyamaza? Nimeua?"

"La. Hapana, Lalla."

Mvua ilianza kupiga madirisha. Rahimo aliitundika fidla yake na kuvaa koti. "Mimi nakwenda. Nina bibi harusi anayesubiri kaftani yake. Nimemwambia leo, yaani kesho."

"Atakuja kukukaba wewe," Lalla Khaduja alimwambia.

"Hawezi. Atakuwa hana nguo ya kuvaa aje."

Vicheko vyake vilishuka naye ngazi. Wakabaki wawili. Lubaba alikaa kwenye kiti cha mbele, akaiweka fidla yake pajani ili mikono ipate la kufanya.

Lalla Khaduja alishusha pumzi. Alionekana amechoka, na uchovu ulimfanya aonekane mama wa kawaida. "Mwanangu, nikwambie kweli. Wiki tatu ni gumba, gumba, gumba. Mimi ni mtu mzima. Sitakwenda kupiga mbele ya watu. Niambie tu kwamba iko sawa, nifurahi, nirudi nyumbani kwangu. Unaonaje? Si iko sawa?"

Alimtazama usoni. Macho yake yalikuwa ya rangi ya chai iliyokolea, kama ya mwanawe, na yalisubiri.

Ilikuwa rahisi sana. Maneno mawili. Iko sawa, Lalla. Mama angetabasamu, angesema binti huyu ana ulimi mtamu, angekwenda nyumbani na habari njema. Lubaba aliyahisi maneno yale mdomoni, tayari, yamelowa. Miezi minne alikuwa ameomba apate nafasi ya kumpendeza mwanamke huyu, na nafasi imekuja yenyewe, imekaa mbele yake na mkono uliokunjika.

Akautazama mkono. Uliuma kuutazama.

"Haiko sawa, Lalla," alisema. Sauti ilimtoka ndogo. "Unisamehe."

"Haiko sawa?"

"Ukiendelea hivi, baada ya miezi michache utaanza kuumwa hapa, kwenye nyama ya chini ya gumba. Halafu maumivu yatapanda mpaka kwenye kiwiko. Utadhani ni uzee. Siku moja utaiweka chini fidla na hutaishika tena, na utasema haikuwa yako. Na itakuwa si kweli. Itakuwa ni gumba tu, na mimi niliyeliona nikanyamaza."

Lalla Khaduja aliinua nyusi. Hakuna aliyezoea kumwambia hapana, hilo lilionekana. Lubaba aliinuka kabla woga haujamfikia, akaiacha fidla kitini, akaenda kwenye jiko, akamimina chai ya moto kwenye bilauri ndogo na kurudi nayo ikifuka mvuke.

"Kwa mkono wa kushoto, Lalla, samahani. Si kwa kunywa. Kwa kushika tu. Unashikaje bilauri ya moto?"

"Kama kila mtu. Gumba juu ukingoni, vidole chini."

"Huikabi."

"Niungue?"

"Ndivyo. Imetulia, haianguki, na hakuna kidole kilichokasirika. Mkono wako unajua kushika bila kukaba, umejua tangu utoto. Fidla nayo uishike hivyo, kama itakuunguza."

Lalla Khaduja aliilaza fidla pajani, akaichukua bilauri. Kiganja kilikuwa wazi, kifundo cha mkono kimenyooka, na kile kidole cha mwisho, kwa mara ya kwanza, kilikuwa kimetoka ndani ya kiganja na kuchungulia nje. Lubaba alisahau woga wake kwa furaha.

"Hapo. Usitikisike. Kiangalie kidole cha mwisho, kimetoka chenyewe."

Lakini Lalla Khaduja hakuwa akikiangalia kidole cha mwisho. Alikuwa amekunja uso. Aliihamisha bilauri kidogo, akazibandika ncha za vidole vitatu kwenye kioo chenyewe, mahali pa moto kabisa. Akangoja. Akaihamishia mkono wa kulia, akafanya vilevile, akaiweka haraka sakafuni na kupuliza vidole.

"Huu umeungua," alisema. "Ule wa kushoto haukuungua."

"Umeanza kuota sugu. Umekuwa ukifanya mazoezi nyumbani."

"Kila siku. Mwanangu akitoka, naichukua." Alizigusa ncha za vidole vyake kwa gumba, moja baada ya nyingine. "Wiki tatu tu."

Kisha akanyoosha mkono. "Lete wako. Wa kushoto."

Lubaba aliutoa. Lalla Khaduja hakuupapasa kama Lalla Ftuma alivyoupapasa. Aliweka ncha za vidole vyake vinne juu ya ncha za vidole vinne vya Lubaba, akabonyeza kidogo, kama mtu anayepima unga.

"Na hizi za miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Kumi na saba." Mama alibonyeza tena. Mvua ilikuwa imetulia kidogo, na huko chini fundi mmoja alikuwa akimwita mwenzake amrudishie mkasi. "Na yule mpumbavu akaniambia ni mkono wa fundi viatu."

Akajiuma ulimi. Lubaba aliona aibu ikipita usoni mwake, haraka, kama mtu aliyejikwaa mbele za watu. Angeweza kujifanya hakusikia. Siku nyingine yoyote angejifanya.

"Najua, Lalla," alisema.

"Unajua nini?"

"Gumba lako nalijua. Nililifundisha mwaka mmoja na nusu. Lilikuwa kwenye mkono mwingine."

Lalla Khaduja hakuuachia mkono. Alimtazama Lubaba muda mrefu, na Lubaba, ambaye hakuwahi kumtazama mtu muda mrefu, alijikuta hawezi kuinamisha macho.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu leo. Rahimo alikuwa bado hajaondoka."

"Kwa hiyo nilipokuuliza iko sawa, ulikuwa umekwisha jua mimi ni nani."

"Nilikuwa nimejua."

"Na bado ukaniambia haiko sawa."

"Haikuwa sawa, Lalla."

Mama alifunga macho. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Lubaba aliogopa, akadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, mkono wa kushoto wa Lubaba ungali ndani ya mkono wake, mpaka machozi yakamtoka na ikabidi atumie ncha ya kitambaa cha kichwa.

"Haikuwa sawa," alirudia. "Miaka thelathini nimekuwa mkubwa wa nyumba yangu, na kila mtu ananiambia iko sawa. Ftuma ananiambia iko sawa. Chumvi ikizidi, iko sawa."

"Nisamehe kama..."

"Usiombe msamaha mara mbili kwa kitu ulichofanya vizuri. Kaa." Alijifuta tena. "Unajua kwa nini nilikuja? Mfaddal hakunigombeza. Ningependa anigombeze. Anarudi kutoka kazini, anasema ndiyo mama, sawa mama, Mungu akuweke mama. Anakula anachopewa. Mtoto wa namna hiyo yuko ndani lakini amehama. Halafu nikamwona jioni moja, amekaa na mchi wa jikoni umesimama pajani mwake, anaupapasa kwa vidole, bila sauti. Mchi, mwanangu. Mtu mzima na ndevu zake."

Lubaba aliibana midomo. Alitaka kucheka na alitaka kulia.

"Anaushikaje?" aliuliza.

"Nini?"

"Mchi. Gumba lake?"

Lalla Khaduja alimkodolea macho, kisha akatikisa kichwa taratibu. "Basi mnafaana, nyote wawili. Anaukaba, mwalimu. Anaukaba vibaya sana." Akavuta pumzi. "Nikasema ngoja nikaone mwenyewe ni mwanamke gani huyu. Nilitaka kuona kiburi. Wapiga muziki wana kiburi. Nikakaa wiki tatu nakitafuta, naona mtu anampigia Rahimo magoti, ananipigia mimi magoti, anashika mikono ya watu kama mtu anayemvisha mtoto kiatu. Wiki ya pili nilikasirika. Nilikuja na sababu yangu ya kukataa, na nilikuwa naiona inaisha."

"Na mkono wangu?" Lubaba aliuliza, na akashangaa kwamba ni yeye aliyeuliza.

"Mkono wako." Mama aliugeuza, akaufunika kwa wa kwake. "Mwanangu ana sugu za nyundo hadi kwenye vifundo, na siku alipozileta nyumbani mara ya kwanza tulimpikia kuku, kwamba amekuwa fundi. Sikuwahi kufikiri kwamba zako nazo ni za kazi. Ftuma alizishika, mimi nikasikia tu. Hilo ni kosa langu, si lake."

Alijivuta kwenye kiti, akaikamata fidla, akaisimamisha pajani na kuiegemeza kifuani.

"Haya. Mara moja tu, kabla mvua haijarudi. Nionyeshe."

Lubaba alipiga magoti tena. "Iache ikuegemee. Goti limeibeba, kifua kimeipokea. Vidole vikae kwenye uzi. Sasa ondoa gumba kabisa. Liinue hewani."

Lalla Khaduja alivuta pumzi kama anayeingia maji baridi. Gumba likatetemeka, likainuka. Akavuta upinde, na sauti ikatoka, moja, ndefu, nyembamba kidogo mwanzoni kisha ikajaa. Haikukwaruza. Ilikaa chumbani hata upinde ulipokoma.

"Haikuanguka," alisema Lalla Khaduja, karibu kwa kunong'ona.

"Haikuanguka."

Mama aliitazama fidla, gumba lake likiwa bado hewani, na kitu fulani usoni mwake kikalegea ambacho Lubaba hakukiuliza. Baadaye kidogo aliinuka, akaifunga fidla kwenye kitambaa chake, akavaa viatu. Mlangoni aligeuka.

"Alhamisi ijayo nitakuja. Na usimwambie mtu kwamba nimecheka."

* * *

Wiki ile ilikuwa ndefu kuliko mwaka. Lubaba alitia chumvi kwenye chai ya baba yake na kumpa muuza nanaa asante mbili. Hakuambiwa ndiyo. Alijikumbusha hilo kila asubuhi, kwa uaminifu, na kila jioni alijikuta anaimba anaposugua upinde kwa ulimbo.

Alhamisi jua lilitoka. Mji mzima ulinukia maua ya mchungwa, maana wanawake walikuwa wameanza kuyachemsha ili kupata maji yake ya kunukia. Lalla Khaduja aliingia wa kwanza, mbele ya Rahimo, fidla kwapani, akaketi kwenye kiti chake na kuisimamisha pajani bila salamu ndefu.

"Mzigo wangu unakuja," alisema. "Umenishinda ngazi, nimempa mtu anibebee."

Hatua za mtu zilisikika zikipanda. Nzito, halafu zikasita kwenye kipandio cha sita, kile kilicholegea. Ni mtu anayekijua tu ndiye husita pale. Mkono wa Lubaba ukatua wenyewe kwenye mgongo wa kiti.

Mfaddal alitokea mlangoni na kifurushi kikubwa kilichofungwa kwa shuka. Alikuwa amekonda. Vumbi lilikuwa palepale, nyuma ya masikio. Alimwona Lubaba, na macho yake yakafanya kile yalichokuwa yakifanya siku zote, yakatua kwake na kusahau kuondoka. Kisha yakaenda ukutani.

Msumari wa tatu ulikuwa mtupu.

Lubaba aliona rangi ikimtoka usoni. Hakuelewa mara moja. Halafu akaelewa.

"Imeshushwa," Mfaddal alisema kwa sauti ya chini. Hakuwa analaumu. Ilikuwa kama mtu anayesoma barua. "Si kitu. Miezi minne ni mingi. Ni haki yako. Mama aliniomba nimbebee mzigo tu, sikujua ni hapa..."

"Sikuishusha mimi," Lubaba alisema.

"Nani basi?"

Sauti ya uzi mmoja ikajibu kutoka upande wa pili wa chumba, ndefu na safi. Mfaddal aligeuka. Mama yake alikuwa ameketi wima, fidla kifuani, upinde mkononi, na gumba la kushoto limesimama hewani kama mtu anayeomba ruhusa ya kusema.

"Mimi," alisema Lalla Khaduja. "Funga huo mdomo, ataingia nzi. Fungua mzigo."

"Mama..."

"Fungua kwanza, halafu useme mama."

Rahimo, ambaye alikuwa amekwisha sahau kwamba ana fidla mkononi, alijongeza kiti chake karibu ili asikose kitu. Mfaddal aliweka kifurushi chini, akafungua fundo. Ndani ya shuka mlikuwa na koni mbili kubwa za sukari, zimefungwa kwa karatasi ya buluu. Katika mji ule hakuna nyumba inayoipeleka sukari ile kwenye nyumba yenye binti ila kwa jambo moja: posa.

Aliitazama sukari. Akamtazama mama yake. Hakuthubutu kumtazama Lubaba.

"Wanaume watakwenda Ijumaa kwa baba yake, kama inavyotakiwa," alisema mama. "Hizi ni za mwalimu, kutoka kwa mwanafunzi. Nimetaka azione kwanza mkononi mwako. Na Ftuma nilimwita juzi, nikampa mkono wangu wa kushoto aushike. Nikamwambia haya, niambie mimi ni fundi viatu wa mtaa gani."

"Akasemaje?" Rahimo aliuliza, hakuweza kujizuia.

"Akasema iko sawa."

Mfaddal alicheka. Kilikuwa kicheko kilichovunjika katikati, na katikati ile akamtazama Lubaba. Hakuna kati yao aliyesogea. Nafasi iliyokuwa kati yao ilikuwa ya hatua nne au tano, na kwa Lubaba ilikuwa nyembamba kuliko ngazi ile ya siku ile. Alihisi kitu kikubwa kikimtoka kifuani, alichokuwa amekibeba muda mrefu hata akakizoea, na mahali kilipotoka pakabaki wepesi.

"Karibu, Sidi Mfaddal," alisema.

"Nimekaribia, mwalimu." Alipangusa macho kwa mkono wa shati, akanyoosha mkono kwa mama yake. "Haya, mama. Nipe fidla yangu."

"Ipi? Hii ni yangu. Wewe ulikuwa na mchi."

Rahimo akaangua kicheko mpaka mafundi wa chini wakauliza kuna nini. Lubaba aliichukua fidla yake mwenyewe, aliyoipiga miaka kumi na saba, akavuka hatua zile nne au tano na kumpa. Mfaddal aliketi kando ya mama yake, akaisimamisha pajani. Mkono ukapanda, gumba likatambaa, likashuka chini ya mahali panapostahili, likapinda.

"Gumba," Lubaba alisema.

"Limekwisha ondoka."

"Bado."

"Msikilize mwalimu wako," mama yake akamwambia, huku lake likiwa juu. "Haitaanguka."

Mfaddal alimtazama Lubaba, si fidla, akaliinua.